Mtani Aliyetaka Kubebwa

Baba yangu alikuwa na mkokoteni aliouunda mwenyewe. Mbao zake zilitoka kwenye mlango mbovu wa nyumba ya babu. Magurudumu nayo yalikuwa ya mbao, akayavisha ukanda wa chuma, basi ulipopita njiani ulipiga kelele hata mtu aliyelala akajua kwamba mkwezi anarudi na nazi zake. Shamba letu lilikuwa upande wa njia ya Makurunge. Baba alikwea, akaangua, akafua, akapakia, kisha akasukuma mpaka kwetu Bagamoyo, pembeni ya mji. Mwenye gunia zito, mwenye mgonjwa, au anayehama nyumba alikuja kuuazima, na Baba hakumnyima mtu. Hili nalitanguliza ili msomaji asije akadhani kwamba Baba alikuwa mtu mgumu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mtani wake. Sisi ni Wakwere, na yeye alikuwa Mnyamwezi. Utani wa makabila haya ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani humtukana mtani wake naye hakasiriki. Akikasirika, ndiye aliyekosa, na utani umevunjika. Mmoja akifa, mtani wake ndiye anayewachekesha watu msibani. Atavaa kofia ya marehemu, atamwigiza anavyotembea, atalala mlangoni azuie jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Hiyo nayo ni kazi kama kuchimba kaburi, wala mtu mwingine hawezi kuifanya kwa niaba yake.

Mtani wa Baba alikuwa mchoma chokaa. Alikuja pwani akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akasilimu, akaoa msichana wa kabila lake aliyekulia hapahapa, asirudi tena kwao. Watoto wao walikuwa wameshakuwa wakubwa na kwenda zao upande wa Ubena. Kila siku alikwenda pwani kwenye tanuu lake, akapanga magogo na matumbawe, akachoma. Chokaa ilimkaa kwenye nyusi na kwenye mipasuko ya miguu, hata akioga. Kabla ya kwenda kazini alipita kwetu, na hapo ndipo siku ya nyumba yetu ilipoanza.

"Hodi kwa wala ngadu!" Hilo ndilo jina alilotupa, kwa kuwa ngadu ni kaa wa pwani.

"Karibu, mpagazi," Baba alijibu. "Mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua hapa mlangoni. Nilisikia humu anakaa mtu mwenye nguvu. Kumbe ni wewe."

"Babu yako alimbebea babu yangu blanketi kutoka Tabora mpaka hapa."

"Alilibeba, kweli. Na babu yako alikuwa ndani yake, amelala."

Mama alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Mtani akamgeukia. "Mke wangu mdogo, umenipikia nini leo?"

"Majivu ya tanuu lako," Mama alisema.

Mimi aliniita mchumba. Nilikuwa msichana wa haya nyingi, na bado nina haya. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na kwa kuwa nilishavunja ungo nilikuwa sitoki ovyo. Nilimwamkia kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mchumba. Mla ngadu, hebu niambie, huyu mlimzaa na sauti yake, au mliisahau kwa mkunga?"

Nilikuwa nikicheka kwenye upande wa kanga yangu. Sasa, ninapoandika haya polepole, neno hili na neno lile, naona kwamba yeye ndiye mtu mzima pekee aliyenitania kwa haya zangu nisijisikie nimevuliwa nguo.

Kulikuwa na utani mmoja walioupenda kuliko yote. Mtani alikuwa akimnyoshea Baba kidole, akasema, "Iko siku utanibeba wewe. Mchana kweupe, watu wanaona. Nitakaa juu ya huo mkokoteni wako mkao wa kisultani, nawe unasukuma."

"Siku hiyo jua litatokea kwenu Tabora."

"Litatokea. Na nikifa usiniaibishe. Ulale mlangoni, udai kuku."

"Nitadai na mbuzi."

Alikuwa na mchezo mwingine pia. Zilipotokea kazi za mtaa, kama kuzibua mtaro au kubeba mawe ya msikiti, alijishika kinena ghafla kama mwenye ngiri, akajikunja, akalia, "Mshipa! Mshipa umenishika!" Watu walicheka. Mtu akimwinua alimtegemea kwa uzito wote mpaka wakaanguka wote wawili. Kesho yake aliamka mapema akafanya sehemu yake na ya mwenzake. Hakuna aliyemwona mvivu. Walijua ni vituko vyake.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa kama asubuhi nyingine. Ilikuwa miaka michache baada ya vita ile ya pili ya dunia, nguo zilipokuwa bado adimu madukani, na Baba alikuwa barazani akishona kiraka kwenye msuli wake. Mimi nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi. Mama alikuwa akichochea moto. Mtani akaja, lakini hodi hakupiga. Alikuja amejikunja, mkono mmoja kwenye kinena na mwingine ukutani.

"Mtani," akasema. "Siku yangu imefika. Nibebe."

Baba aliinua uso, akamtazama, kisha akapiga makofi. "Mama watoto! Njoo umwone mpagazi! Leo kaja na mpya!"

"Nibebe kweli, mla ngadu. Mshipa umenishika. Niweke kwenye mkokoteni unipeleke hospitali."

"Tangu lini mzigo ukasema nibebe?" Baba alikuwa akicheka mpaka sindano ikamwanguka. "Mshipa na mkokoteni, vyote kwa siku moja! Hii umeitunga usiku kucha."

Mama alicheka. Nami nilicheka. Ulikuwa utani mzuri kuliko yote aliyowahi kuleta, maana aliunganisha vichekesho vyake viwili vikawa kimoja, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Alikuwa anasema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa imevaa nguo za utani tangu juu mpaka chini. Hakuwa na maneno mengine ya kuisemea, kwa sababu maneno yote yaliyofaa alishayatumia kutuchekesha.

Alikaa kidogo kwenye ukingo wa baraza. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye chokaa ya nyusi. Kisha akatabasamu. Nimelifikiria sana tabasamu lile. Wakati ule niliona ni la mtu aliyeshindwa kuzuia kicheko cha mchezo wake mwenyewe. Siku hizi nadhani alikuwa na haya, kama mimi. Watu hudhani mcheshi hana haya. Lakini mtu aliyezoea kuomba kila kitu kwa mzaha, ikimbidi kuomba bila mzaha, hajui aanzie wapi.

"Haya," akasema, "jua halijatokea Tabora."

Akainuka kwa kushika nguzo, akaenda zake kwa mwendo ule wa kujikunja. Baba akamwita kwa nyuma, "Ukifika salimia mizigo mingine!" Kisha akachukua mkokoteni wake, akaenda shamba.

Mke wa mtani siku hiyo alikuwa amekwenda kumtazama ndugu yake. Aliporudi jua la utosi, alimkuta mumewe sakafuni. Alimwuliza kwa nini hakwenda kwa jirani kuomba msaada. Akajibiwa, "Nimekwenda. Tumecheka, nikarudi."

Alikuja kwetu mbio, lakini mkokoteni ulikuwa shamba. Mama alimtuma kijana wa jirani amwite Baba. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia kabla ya siku ile. Alikuja na mkokoteni mtupu, nazi zote amezimwaga njiani. Alimwinua mtani, akamlaza juu ya magunia, akasukuma kwenda hospitali, mke wa mtani akimfuata pembeni na kumfunika jua kwa kanga yake. Ilikuwa mchana kweupe, na watu walikuwa wakiona. Wengine, walipomwona mchoma chokaa juu ya mkokoteni wa mla ngadu, walianza kucheka. Walinyamaza walipomwona Baba uso.

Tabibu aliuliza, "Mshipa umemshika tangu lini?"

"Anasema tangu alfajiri," mkewe alijibu.

"Mbona hamkumleta asubuhi? Lori lilikuwapo hapa, lilikwenda Dar es Salaam. Wangempasua kule."

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza jambo lililo dhahiri. Mtani alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Siku ya maziko nilikaa ndani pamoja na wanawake. Mjane alikuwa katikati yetu, amejifunika. Nje wanaume walikuwa wakitayarisha jeneza. Mama aliniinamia, akaninong'oneza, "Sasa hivi utamsikia baba yako. Atawafanyia vituko." Hakuwa peke yake. Wanawake wote walikuwa wakingoja. Walikuwa wakilia, lakini sikio moja lilikuwa mlangoni, kwa kuwa walijua kicheko kinakuja na kwamba kikija wataruhusiwa kupumua kidogo.

Tukasikia wanaume wakiinua jeneza. Tukasikia shahada ikianza. Sauti zikapita uani, zikafika njiani, zikaendelea kupungua mpaka zikapotea. Mlango haukuzuiwa na mtu. Hakuna aliyedai kuku.

Mjane aliinua kichwa. "Wameshatoka?"

"Wameshatoka," wakamwambia.

"Na mtani?"

Wakatazamana. Mjane alirudisha kichwa chake chini, na toka hapo kilio mle ndani kikawa kizito, kikavu, kisicho na mahali pa kutokea.

Nilipata kujua baadaye kwamba Baba alisimama kando ya ukuta wakati wote, akilia kama mtoto. Wazee walimgusa bega wakamwambia, "Mtani, mlango huo." Akatikisa kichwa. Alikwenda makaburini, akatupa udongo, akarudi, akalala chali bila kula.

Shuleni tulifundishwa neno majuto, tukaliandika kwa chaki kwenye vibao, na mimi nilidhani nalijua. Nilidhani ni ile hofu ya mtu aliyefanya kosa anayengoja fimbo. Lakini Baba hakuna aliyekuwa akimngojea na fimbo. Watu wote walimwambia hakukosa; hata wao wangecheka. Walimwambia ni amri ya Mungu. Naye aliwajibu kwa upole, "Amri ya Mungu naijua. Mimi najiuliza nilikuwa wapi." Kila walivyomtetea ndivyo alivyozidi kunyong'onyea. Ilikuwa kama mtu aliyebeba kitu kizito, na kila anayekutana naye anamwambia hana kitu mkononi.

Alibadilika kwa namna ambazo mgeni asingeziona. Mdogo wangu akisema tumbo linamuuma kidogo, Baba alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu. Mtu akimtania sokoni, alimtazama kama aliyezungumza kwa lugha ya kigeni. Mkokoteni aliupeleka nyuma ya nyumba akaupindua, magurudumu juu. Nazi zake sasa alizileta kwa mzega, mafungu mawili yakining'inia kwenye mti begani. Alikuja taratibu, bila kelele, na hatukujua tena amefika mpaka tumwone. Watu walikuja kuazima mkokoteni, akawaambia umeharibika.

Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akamweleza. Mwalimu alimwambia aombe toba kwa Mungu, na kwa kuwa jambo lenyewe lilimhusu mtu, amwombe radhi mtu huyo.

"Nimwombe wapi?" Baba aliuliza.

"Mwombe mkewe."

Lakini mjane alikuwa kwenye eda. Hatoki, wala haonani na wanaume wa nje. Baba ikambidi angoje mpaka eda iishe, na kungoja kule ndiko kulikommaliza. Alikuwa akitaka radhi ile na akiiogopa. Mjane akimwambia, "Sina radhi nawe, mume wangu alikuja kwako akafa," ataishi vipi nyumba ya pili kutoka kwake? Namsikia bado akimwambia Mama, "Akininyima ana haki. Ila sijui nitakwenda wapi nayo."

Akanituma mimi. Kila alipotoka shamba nilipeleka nazi kwa mjane. Nilimkuta ndani, amevaa nguo nyeupe, akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma?"

"Baba."

"Mwambie nimepokea."

Nikaenda tena, na tena, mpaka nazi zikajaa pembe ya ukumbi. Siku moja hakuitikia kama kawaida. Alizitazama, akanitazama mimi.

"Mwambie baba yako mimi si panya, anirundikie nazi." Kisha akauliza, "Anacheka?"

"Hacheki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alisonya, akavuta ukili wake kwa nguvu. "Basi mwambie nikitoka eda nitakuja mwenyewe."

Nilimfikishia Baba maneno yale kama yalivyo. Hakumaliza chakula.

Wanawake walikwenda kumtoa mjane eda. Walimwosha, wakamvisha nguo mpya, wakamtia udi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nikifagia uani, Baba yuko barazani ametulia tu, mikono kwenye magoti. Nikaona mtu anakuja njiani, amejikunja, mkono mmoja kwenye kinena. Alivaa kanzu yenye madoa ya chokaa. Alivaa kofia ninayoijua. Fagio liliniponyoka.

"Hodi kwa wala ngadu!"

Baba alisimama kwa ghafla, kichwa kikapiga kwenye makuti ya baraza. Kumbe alikuwa ni yule mjane. Lakini mkono ulikuwa wa mtani, mgongo ulikuwa wa mtani, hata ule mguu wa kushoto ambao mumewe alikuwa akiutupa nje kidogo, naye aliutupa hivyo hivyo. Akafika mpaka pale pale, akashika ukuta.

"Mtani," akasema. "Siku yangu imefika. Nibebe."

Baba alikimbia nyuma ya nyumba. Tukasikia akiupindua mkokoteni, tukasikia magurudumu yaliyolowa mvua na kukauka yakikataa, kisha yakilia. Alikuja akiusukuma.

"Panda, mtani," akasema. "Panda twende."

Mjane alijinyosha mgongo. "Twende wapi na mimi mzima?"

"Umesema nikubebe."

"Nimesema. Na yeye alisema. Kumbe ukiambiwa unaweza kukimbia."

Mama akatoka jikoni akabaki amesimama. Mimi nilijibanza kwenye mlango. Baba alishika mikono ya mkokoteni kama mtu anayeanguka, akaanza kusema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nangoja utoke eda. Nataka nikuombe radhi. Alikuja kwangu mgonjwa, nikamcheka."

"Ulimcheka, ndiyo. Alikuja hapa miaka yote kwa lipi, kama si umcheke? Asubuhi ile hata mimi ningecheka, na nililala naye kitanda kimoja. Hilo nimeshakusamehe, nimekuwia radhi mbele ya Mungu. Sikuvaa kanzu hii kwa ajili ya hilo."

Nilimwona Baba akishusha pumzi, kisha akaizuia tena. "Kwa ajili ya lipi?"

"Njiani, kwenda hospitali. Pale kwenye mchanga, gurudumu lilipokwama. Alikuambia nini?"

Baba aliinama. Hatukuwa tumewahi kulisikia hili, hata Mama.

"Sema. Mimi nilikuwepo."

"Aliniambia, 'Umenibeba, mla ngadu.'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Hukumjibu," mjane alisema, na sasa sauti ikawa yake mwenyewe. "Mtu yuko kwenye maumivu ya kufa. Akatafuta mzaha mmoja uliobaki tumboni, akaupata, akakupa. Wewe ukasukuma tu, uso umeuangusha. Unajua aliniangalia mimi akaniuliza nini? Aliniuliza, 'Kakasirika?'"

Baba aliachia mikono ya mkokoteni.

"Nikamwambia, 'Hapana, anavuta pumzi.' Sijui kama aliniamini. Kisha siku ya maziko tukakungoja. Wa kulia walijaa nyumba nzima. Wa kutuchekesha alikuwa mmoja, naye alikuwa ukutani akijililia mwenyewe. Kosa lako la kwanza halikuwa kosa. Ila ulilishika ukalikumbatia mpaka ukatuacha peke yetu."

Kuku walikuwa wakichakura kwenye machicha ya nazi niliyoyatupa. Niliyaelewa maneno yale kidogo tu wakati ule. Nimeendelea kuyaelewa tangu hapo. Baba alikuwa akiyatazama majuto yake kama ndiyo heshima aliyobaki nayo kwa mtani. Hakujua kwamba alipokuwa akiyatazama, alimpa mtani mgongo.

"Mjibu," mjane akasema. Akajiweka tena mkono kwenye kinena, akajikunja. Alisema kwa sauti ya mumewe, polepole, "Umenibeba, mla ngadu."

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena.

"Mpagazi," akasema, akakohoa. "Mpagazi, nimekubeba. Lakini mzigo wenyewe... mzigo wenyewe umejaa maneno tu. Ningejua, ningekutua kwenye mchanga nikabeba chokaa."

Mjane alimtazama chini ya ile kofia. "Mbovu," akasema. "Huo utani mbovu. Angekuzomea mpaka tanuuni."

"Angenizomea," Baba alisema, "lakini ningekuwa nimemjibu."

Hapo Mama akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. Mjane naye akacheka. Baba alicheka mwisho, huku akijifuta kwa ule msuli wenye kiraka.

"Na kuku wangu?" mjane akasema. "Uliahidi kudai kuku mlangoni, hukudai. Basi leo nadai mimi. Tena yule mwenye mkia. Na nasikia siku hizi unabeba kwa mzega, umekuwa mpagazi. Mimi sitembei kwa miguu nikiwa na mpagazi." Akapanda juu ya mkokoteni, akakaa mkao wa kisultani, kanzu ameikunjua, kofia ameiinamisha. "Mchumba!" akaniita, kama alivyoniita mumewe. "Nishikie kuku huyo."

Nilimkamata kuku nikampa. Baba akasukuma. Magurudumu yalilia mtaa mzima, na watu wakatoka milangoni. Walipoiona kanzu ile walishika vinywa. Kisha mtu mmoja akapiga kelele, "Jua limetokea Tabora!" na mtaa wote ukacheka, kicheko kile kilichopaswa kuchekwa siku ya maziko.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Baba aliporudi aliosha miguu, akakaa jamvini. Mama alimwekea chakula, naye akakigusa tu.

"Radhi umepata," Mama alimwambia.

"Nimepata ya mke." Akasogeza sahani kando. "Unadhani kweli mtani alimwuliza hivyo? Kwamba nimekasirika?"

"Amesema alimwuliza."

"Na akamjibu sijakasirika."

"Ndiyo."

"Na hajui kama alimwamini."

Mjane alisamehe alichoweza kusamehe. Hicho kingine hakikuwa chake kusamehe, na mtani mwenyewe hayuko.

Mkokoteni ulirudi kazini, na Baba alianza tena kutania na kutaniwa. Wapo watani wengine sasa, wanaopita kutoka bara, na mjane mwenyewe hakosekani barazani kwetu kuja kudai chake. Mgeni akiwakuta hatajua kwamba pana kitu. Lakini mimi naona. Mtu akimrushia neno la mzaha, kwanza Baba anamtazama uso, anamtazama mikono iko wapi. Akiridhika kwamba ni mzima, anamjibu. Na anamjibu upesi, upesi mno, hata kabla mwenziwe hajamaliza kusema, kama mtu anayeogopa kwamba neno lake litafika huyo mwingine ameshaondoka.